Wawili, Meli na Gari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Safari za Kutalii na Kupiga Picha

## Kabla ya kukata tiketi

Tuchague meli au gari?

Vyote viwili, ila kila kimoja kwa kazi yake. Meli inawafikisha pasipofikika kwa barabara: katikati ya fiodi (ghuba nyembamba kati ya milima) za Norway, mbele ya kuta za barafu za Alaska, ndani ya Mfereji wa Panama. Tatizo lake ni saa. Meli nyingi hufunga gati asubuhi jua likiwa limeshapanda na kung'oa nanga kabla halijazama, kwa hiyo mnashuka na kamera katika ule muda ambao mwanga ni mkali na vivuli ni vyeusi tii. Gari halina mandhari ya majini, lakini linakubali kusubiri. Mkilala dakika kumi kutoka mahali pa kupigia picha, alfajiri ni yenu.

Mnapopanga, andikeni orodha mbili. Kinachopendeza kutoka majini kiachieni meli. Kinachohitaji mwanga wa alfajiri au machweo kiwekeni upande wa gari, hata kama meli nayo inapita hapo hapo.

Safari ikiwa na vyote viwili, kipi kitangulie?

Meli kwanza. Gari likiharibika kilomita 300 kutoka bandarini siku moja kabla ya meli kuondoka, hakuna atakayewasubiri. Meli ikichelewa kurudi, mnapiga simu na gari la kukodi linasogezwa mbele. Mkilazimika kuanza na gari, lirudisheni mapema na mlale usiku mmoja au miwili katika mji wa bandari. Wanaokuja kwa ndege nao wafanye hivyo hivyo: kutua asubuhi na kupanda meli mchana ni kamari.

Ratiba inasema meli inafika "Roma". Tutashushwa Roma?

Hapana. Mtashushwa Civitavecchia, kilomita zipatazo 70 kutoka mjini. Majina makubwa kwenye ratiba mara nyingi ni ya mji ulio karibu-karibu tu, si ya bandari. "Paris" ni Le Havre, karibu kilomita 200. "Berlin" ni Warnemünde, takriban saa tatu za treni au basi kwenda na nyingine tatu kurudi. "Florence" ni Livorno, kilomita 90 hivi. "London" mara nyingi ni Southampton, na "Bangkok" ni Laem Chabang, zaidi ya kilomita 100.

Kabla ya kulipa, tafuteni jina la gati lenyewe kwenye ramani, kisha hesabuni saa zitakazobaki mkishaondoa za njiani. Pale Warnemünde, wawili wenye kamera watapata picha nyingi zaidi kwa kubaki pwani kwenye mnara wa taa, au kwenda Rostock iliyo jirani, kuliko kukaa saa sita ndani ya basi ili wapate saa nne za Berlin.

Kuhusu Venisi: tangu Agosti 2021 meli kubwa haziruhusiwi kupita mbele ya uwanja wa San Marco. Ile picha ya zamani ya paa za mji zikionekana kutoka sitaha ya juu haipatikani tena, hata kama bado imo kwenye vipeperushi.

Nyaraka zipi husahaulika sana?

Pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi sita baada ya siku ya kurudi. Viza iangaliwe kwa kila bandari, kwa sababu zipo nchi zinazoidai hata kwa abiria asiyeshuka.

Kibali cha kimataifa cha udereva kiko cha aina mbili: cha mkataba wa 1949 hudumu mwaka mmoja, cha mkataba wa 1968 kinaweza kufika miaka mitatu. Si kila nchi inakubali vyote viwili. Japani, kwa mfano, inatambua kile cha 1949 tu. Wote wawili mchukue, hata kama mmoja hapendi kuendesha. Kadi ya benki ya kuwekea amana ya gari iwe na jina la dereva mkuu, la sivyo mtarudishwa kutoka kaunta. Bima ya safari isomwe kwenye kipengele cha kiwango cha juu kwa kila kifaa, maana mara nyingi kiwango hicho ni kidogo kuliko bei ya lenzi moja nzuri. Andikeni namba za utambulisho (serial number) za kamera na lenzi zote mahali mbali na mkoba wenyewe.

## Chumba, sitaha na picha za melini

Tuchukue chumba cha upande wa kulia au wa kushoto?

Kwa safari ya njia moja, upande una maana kweli. Meli ikipanda kaskazini kwenye pwani ya Norway, nchi kavu iko kulia ukitazama omo (mbele ya meli). Ikiteremka, iko kushoto. Kwa safari inayorudia njia ile ile, msiongeze hata senti kwa ajili ya upande. Geirangerfjord, fiodi ya Norway yenye urefu wa kilomita 15, meli huingia na kutoka kwa mlango mmoja, kwa hiyo maporomoko ya Dada Saba yanapita pande zote mbili. Mbele ya barafu ya Margerie kule Glacier Bay, Alaska, kwa kawaida nahodha huigeuza meli polepole ili kila upande uone.

Jambo linalostahili muda wenu zaidi ni mchoro wa sitaha. Angalieni kama chini ya roshani kuna boti za kuokolea: zikiwepo, kila picha ya kuelekea chini itakuwa na paa la rangi ya chungwa. Anayelewa bahari achague chumba cha katikati ya meli, sitaha ya chini, ambako mtikisiko ni mdogo.

Wapi pa kusimama wakati wa kupita mahali maarufu?

Inategemea ukubwa wa kitu. Milima na miji mnaitaka kutoka juu. Nyangumi, pomboo na vipande vya barafu vinapendeza kutoka sitaha ya chini ya kutembelea, kwa sababu ukiwa juu sana unampiga mnyama mgongo tu, na nyuma yake hakuna upeo bali maji matupu.

Mfereji wa Panama unahitaji maelezo yake. Vyumba vya kupandishia meli kwenye njia ya zamani, iliyofunguliwa 1914, vina upana wa mita 33.5, na meli zilizojengwa kwa kipimo hicho huacha sentimita 60 hivi kila upande. Aliye kwenye roshani ya chini ataona zege lenye kutu na hakuna kingine. Nendeni omo, au sitaha ya juu mbele, kabla ya lango la kwanza. Baada ya hapo meli hupandishwa hadi mita 26 juu ya usawa wa bahari kufikia ziwa Gatun, na kivuko kizima huchukua saa nane hadi kumi. Watu wengi huchoka baada ya lango la kwanza na kwenda kula. Nafasi nzuri zinakuwa wazi hapo, na tezini (nyuma ya meli) unaweza kupiga meli inayofuata ikiwa ndani ya chumba chake bila kusukumana na mtu.

Kasi gani ya shata (muda wa kamera kupokea mwanga) tukiwa kwenye meli inayokwenda?

Anzeni na 1/500 ya sekunde kwa mandhari ya mbali mchana, 1/1000 au zaidi kwa ndege na nyangumi. Mwanga ukipungua, pandisheni ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) kabla ya kushusha kasi. Chembechembe za ISO 3200 zinasafishika kwenye kompyuta. Picha iliyotikisika haina dawa.

Kitulizi kilicho ndani ya lenzi kinasaidia dhidi ya mtikisiko wa mkono wako, hakizuii meli kusogea mbele ya mwamba ulio karibu. Kadiri kitu kilivyo karibu ndivyo kinavyokimbia haraka mbele ya lenzi, hata meli ikienda taratibu. Kosa jingine ni kuegemeza viwiko kwenye reli: mtetemo wa injini unapanda kupitia chuma hadi kwenye kamera. Simama na magoti yamelegea, viwiko vimebanwa mbavuni.

Tubebe stendi ya kamera?

Kwa ajili ya gari, ndiyo. Kwa ajili ya meli, haina kazi wakati meli inatembea, maana stendi imesimama juu ya kitu kinachotetemeka. Taa za mji wakati wa kuondoka usiku zipigwe mkononi: tundu la lenzi f/2.8 au pana kuliko yote mliyonayo, ISO 3200 hadi 6400, shata 1/60 hadi 1/125, mfululizo wa picha kumi. Kati ya kumi, moja au mbili zitakuwa kali. Futeni nyingine.

Tukitoka chumbani lenzi inafunikwa na ukungu. Tufanyeje?

Kiyoyozi cha chumbani kimeipoza kamera, na hewa ya nje ina joto na mvuke. Mvuke unaganda juu ya kioo baridi, na kwenye maeneo ya tropiki unaweza kukaa dakika 20 hadi 30, zaidi kwa lenzi kubwa. Kuufuta hakusaidii, kwa sababu unarudi hapo hapo, na kioo kikiwa na chumvi mnakikwaruza.

Kamera ilale mahali penye joto la karibu na la nje: kabatini mbali na tundu la hewa, au ndani ya mkoba uliofungwa, utolewe nje nusu saa kabla ya kupiga. Usibadilishe lenzi wakati huo kamwe, maana ukungu utaingia hadi kwenye kihisio. Kule kwenye baridi kali mambo hugeuka: tatizo linakuja mnaporudi ndani. Fungeni kamera kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa mkiwa bado nje, kisha muache mfuko uzoee joto la chumba kabla ya kuufungua. Toeni kadi kwanza, kama mna haraka ya kutazama picha.

Chumvi ya bahari inaharibu kamera?

Polepole, ndiyo. Kila jioni pitisheni kitambaa kilicholowanishwa kidogo kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kikavu. Kwa lenzi, pulizeni kwanza na kipuliza hewa cha mkono, ndipo mfute. Filta ya kinga mbele ya lenzi ina maana hapa kuliko mahali pengine popote, ingawa usiku iondoeni: taa huacha vivuli vyake kwenye kioo.

Kupiga kupitia dirisha la meli au la gari?

Zimeni taa za ndani, vaeni nguo nyeusi, na mgandamize kofia laini ya mpira ya lenzi kwenye kioo. Kamera isiguse kioo yenyewe, kwa sababu ya mtetemo. Filta ya polaraiza inapunguza mng'ao lakini inakula stopu moja hadi mbili za mwanga (kila stopu ni nusu ya mwanga), na kwenye baadhi ya vioo vilivyoimarishwa huleta madoa ya rangi za upinde wa mvua. Yakitokea, itoeni.

Mmoja wetu analewa bahari.

Dawa inywewe kabla, si baada ya kichefuchefu kuanza; ikishaanza, tumbo halipokei vizuri. Asitazame kwenye kitundu cha kamera au skrini kwa muda mrefu, maana jicho linaona kitu kimetulia huku sikio la ndani likihisi mwendo, na huo mgongano ndio ugonjwa wenyewe. Apige, ashushe kamera, atazame upeo. Siku ya bahari chafu kazi ya kamera ichukuliwe na mwenzake.

## Siku ya bandarini

Inafaa kukodi gari kwa siku moja tu bandarini?

Inafaa pale ambapo ofisi ya magari iko hatua chache kutoka gatini na mnachotaka kukiona kiko ndani ya saa moja. Fanyeni hesabu hii. Meli inafunga gati saa 2 asubuhi na kuondoka saa 11 jioni: inaonekana saa tisa. Ondoeni saa nzima ya kushuka na kuandikishana gari. Saa ya mwisho ya kupanda kwa kawaida ni nusu saa kabla ya kuondoka, wakati mwingine saa nzima, kwa hiyo mwisho wenu ni saa 10 na nusu. Ondoeni saa moja na nusu ya akiba, nusu saa ya mafuta na kukabidhi gari. Zimebaki saa tano na nusu. Zikatwe nusu kwa njia, nusu kwa picha.

Bandari ambayo meli inatia nanga nje na abiria wanashushwa kwa boti ndogo ni habari nyingine. Foleni ya boti inaweza kula saa nzima kila upande, na bahari ikichafuka huduma husimama. Santorini ni mfano unaojulikana: baada ya boti bado kuna foleni ya lifti ya kamba, au ngazi zaidi ya 500 za kupanda. Hapo msikodi gari.

Tufuate saa ya simu au saa ya meli?

Saa ya meli. Meli inaweza isibadilishe saa ingawa nchi mliyoshukia iko tofauti, na simu ikijirekebisha yenyewe mnajikuta mmepotea kwa saa nzima. Vaeni saa ya mkononi iliyolinganishwa na ya meli kila asubuhi. Tena, ratiba huandikwa kwa mtindo wa saa 24: 17:00 ni saa 11 jioni. Wanaosoma kwa haraka huiona "7", yaani saa 1 usiku, na kujipa matumaini yasiyokuwepo.

Meli ikituacha?

Mkiwa kwenye ziara iliyouzwa na meli yenyewe, kwa kawaida itasubiri au kampuni itawafikisha bandari inayofuata. Mkiwa peke yenu, gharama zote ni zenu. Pigeni picha ya sehemu ya gazeti la kila siku la meli yenye namba ya wakala wa bandari. Huyo ndiye wa kumpigia kwanza, na mara nyingi pasipoti zenu, kama zilibaki chumbani, huachiwa yeye. Ni salama zaidi kushuka nazo.

## Barabarani

Gari la kukodi tulikague vipi?

Pigeni video, si picha tatu za haraka. Mzunguko mmoja wa polepole wa dakika mbili au tatu: rimu zote nne, kioo cha mbele kwa pembe ili nyufa zionekane, paa, chini ya bampa, kisha ndani: kipimo cha mafuta, kilomita, tairi la akiba na jeki. Fanyeni hivyo hivyo mnaporudisha, hasa kama ofisi imefungwa na funguo zinadumbukizwa kwenye kisanduku. Hifadhini video hadi amana irudi.

Kwenye bima, someni kisichofunikwa. Tairi, vioo na sehemu ya chini ya gari mara nyingi viko nje, na huko Iceland mlango uliong'olewa na upepo pia. Si mzaha: mlango ukifunguliwa upepo ukitokea nyuma unaweza kupinda hadi bawaba zikakatika. Egesheni pua ikielekea upepo, mshike mlango kwa mikono miwili, na fungueni mmoja mmoja.

Tuendeshe kilomita ngapi kwa siku?

Chukueni muda unaosemwa na ramani, ongezeni nusu yake, kisha mwone kama bado kuna nafasi ya alfajiri na machweo. Kwa wapiga picha, kilomita 200 kwa siku ni nyingi. Icefields Parkway ya Canada, kati ya Lake Louise na Jasper, ina urefu wa kilomita 230 hivi na mtu anaweza kuimaliza kwa saa tatu na kitu. Akiimaliza hivyo, amepita maziwa yote wakati ule ule wa siku, na yote yatakuwa na mwanga mmoja. Igawanyeni kwa siku mbili au tatu. Barabara Namba 1 inayozunguka Iceland ina zaidi ya kilomita 1,300. Wiki moja ni mbio, siku kumi zinapumua.

Afadhali kukaa usiku mbili mahali pamoja kuliko kulala sehemu mbili tofauti. Usiku wa pili ndio unaowapa nafasi ya kurudia alfajiri iliyoharibiwa na mawingu.

Nani aendeshe, nani apige picha?

Anayeendesha hapigi, wala hatazami mandhari. Hili halina mjadala. Asiyeendesha ndiye macho: anasoma ramani, anatafuta sehemu ya kuegesha iliyo mbele, na anaitaja mapema. "Mita mia tano, kulia, kuna nafasi" inatosha. "Simama hapo!" husababisha ajali. Msisimame ukingoni mwa lami pasipo na nafasi, hata kama mbele kuna kulungu. Mwenye lori nyuma yenu hajui habari za kulungu. Badilishaneni usukani kila baada ya saa mbili, na hakikisheni dereva wa pili ameandikwa kwenye mkataba, vinginevyo bima haimhusu.

Vifaa viachwe ndani ya gari?

Visionekane. Mkoba uingie buti kabla ya kufika mahali pa kuegesha, si baada ya kufika, kwa sababu anayetazama anawaona mkiuhamisha. Kadi zenye picha zisibaki garini hata kwa dakika kumi.

## Vifaa na kazi ya wawili

Wawili tubebe lenzi gani?

Msibebe zinazofanana. Mmoja achukue ya kati, mm 24–70, mwingine ya mbali, mm 100–400 au 70–200, na simu zifanye kazi ya picha pana sana. Kamera zikiwa za chapa moja mnashirikiana lenzi, betri na chaja, na uzito unapungua kwa kilo nzima au zaidi. Badilishaneni kila siku ya pili, ili asiwe mmoja wa kuona milima na mwingine wa kuona nyuso tu.

Picha za kamera mbili zinachanganyika vibaya. Tunazipangaje?

Siku ya kwanza, fungueni saa ya simu inayoonyesha sekunde na kila mmoja aipige picha kwa kamera yake. Nyumbani, linganisheni muda ulioandikwa ndani ya kila faili na ule unaoonekana kwenye picha, mpate tofauti, kisha mrekebishe faili zote za kamera hiyo kwa mkupuo kwenye programu ya kupangia picha. Msibadilishe saa za kamera njiani kila mnapovuka ukanda. Mmoja husahau, na hapo ndipo vurugu huanza.

Pia kamera nyingi huruhusu kubadilisha herufi za mwanzo wa jina la faili. Kila mmoja aweke zake. Bila hivyo, DSC_0412 zitakuwa mbili, na moja itafunika nyingine mkizinakili kwenye folda moja.

Tuhifadhi picha vipi njiani?

Faili ya RAW (picha ghafi) ya megapikseli 24 ni MB 25 hadi 30. Wawili wakipiga 300 kila mmoja kwa siku, ni kama GB 17. Siku 12 ni GB 200. Intaneti ya melini msiitegemee kwa mzigo huo. Bebeni diski mbili ndogo za SSD, nakala ya kila jioni kwenye zote, diski moja kwenye mkoba wa kila mtu. Kadi msizifute hadi mfike nyumbani: hizo ni nakala ya tatu. Zile kumi bora za siku zitumeni kwa intaneti mkipata mtandao mzuri nchi kavu.

Tutapataje picha tukiwa wawili pamoja?

Njia ya kuaminika ni kipima muda cha mfululizo: picha moja kila sekunde mbili, jumla 20. Wekeni mkoba pale mtakaposimama, lengeni fokasi juu yake, zimeni fokasi ya otomatiki, tundu f/8, kisha mwende mkauondoe mkoba. Picha nne za kwanza mtakuwa mmekakamaa. Nzuri huanza mkishasahau kamera.

Mkimwomba mpita njia, msimpe kamera na kumwachia kazi. Mmoja wenu asimame, mwingine apange picha, kisha amweke mgeni pale pale alipokuwa, na kumwambia abonyeze tu, mara tano. Simu ni rahisi kwake kuliko kamera.

Mmoja anataka kubaki saa mbili kwa picha moja, mwingine amechoka.

Kubalianeni kabla ya kufika: alfajiri ni ya mpiga picha, mchana ni wa mwenzake bila mkoba wa kamera. Kila kituo kiwe na muda uliotajwa. "Dakika kidogo" si muda. Siku za baharini zinasaidia, kila mtu afanye lake.

Betri na kuchaji?

Betri za akiba ziende kwenye mkoba wa mkononi ndani ya ndege, si kwenye mzigo wa chini. Hadi Wh (wati-saa) 100 hazihitaji idhini, na za kamera huwa chini sana ya hapo. Melini soketi ni chache, lakini nyaya za kuongezea zenye kizuia umeme unaopanda ghafla huchukuliwa na walinzi, kwa kuwa mfumo wa umeme wa meli haujatulizwa ardhini kama wa nyumba na vifaa hivyo vinaweza kuwasha moto. Chaja ya USB yenye matundu manne haina shida. Kwenye gari, chajini mkiwa mwendoni.

## Hali za pembeni

Droni inaruhusiwa?

Meli nyingi za kitalii haziruhusu kuirusha, na baadhi huizuia hadi mwisho wa safari. Hifadhi za taifa za Marekani zimeipiga marufuku tangu 2014. Barabarani kwingineko, angalieni sheria ya nchi kabla ya kuipakia. Kwa safari ya mseto, kwa kawaida haistahili uzito wake.

Tunapigaje taa za kaskazini kutoka melini?

Ardhini, kwenye stendi, ni f/2.8, ISO 3200, sekunde 2 hadi 10. Melini punguzeni hadi sekunde moja au mbili na mpandishe ISO 6400, ili nyota zisigeuke mistari. Ombeni wahudumu wawaonyeshe sitaha isiyo na taa. Majira ya joto msizitafute: Tromsø, kwa mfano, jua halizami kabisa kati ya takriban 20 Mei na 22 Julai. Faida ya kipindi hicho ni nyingine, ule mwanga wa dhahabu hukaa saa nyingi kuzunguka usiku wa manane, na hata meli iliyoondoka jioni bado inaupata.

Meli ikiruka bandari kwa hali ya hewa?

Mkataba wa tiketi humpa nahodha haki hiyo, na mnachorudishiwa kwa kawaida ni ushuru wa bandari na ziara zilizonunuliwa kupitia meli. Gari mlilokodi wenyewe ni juu yenu, kwa hiyo chagueni lenye kufutika bila faini. Picha ambayo safari nzima imepangwa kwa ajili yake isitegemee bandari moja ya kushukia kwa boti.

Tunaweza kuuza picha tulizopiga?

Mandhari ya wazi, mara nyingi ndiyo. Watu wanaotambulika, mpate ridhaa yao ya maandishi. Mnara wa Eiffel wa mchana hauna kizuizi, lakini taa zake za usiku zina hakimiliki kwa matumizi ya biashara. Ndani ya Kanisa Dogo la Sistine kupiga picha hakuruhusiwi kabisa. Maeneo ya kijeshi ya bandari na vituo vya mipakani msielekeze kamera, hata kwa simu.

Antaktika inahitaji meli ya aina gani?

Ndogo. Meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu, na popote pa kushuka hawaruhusiwi zaidi ya abiria 100 nchi kavu kwa wakati mmoja. Meli ya watu 200 inamaanisha zamu: nusu ya muda mko ufukweni, nusu mko kwenye boti au mnasubiri. Pengwini wasisogelewe chini ya mita tano, na wao wakiwasogelea, simameni. Boti za mpira hurusha maji ya chumvi njia nzima, kwa hiyo kamera isafiri ndani ya mfuko usiopenya maji na itolewe mkishasimama nchi kavu. Betri mbili za akiba ziwe mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili. Zikiachwa kwenye mkoba wa nje, baridi inapunguza chaji yake haraka.